Aliyetoka Shambani Haambiwi Akakimbie

Mtu akilalamika kwamba amechoka, ushauri wa redio na magazeti ya Nairobi huwa tayari: jiandikishe jimu, achana na lifti upande ngazi, hakikisha umetembea hatua elfu kumi kila siku. Hesabu hiyo ya hatua elfu kumi haikutoka hospitalini. Ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina lililobeba idadi hiyo. Lilikuwa tangazo la biashara, nalo likakubalika dunia nzima. Kwa karani anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, ushauri huo una faida. Kwa mama wa Sigor ambaye kufikia saa tatu asubuhi ameshakamua ng'ombe, ameteka maji, amewaandaa watoto wa shule na yuko shambani na jembe, ni dhihaka.

Sigor ni mji mdogo wa Chepalungu, Kaunti ya Bomet, chini ya milima ya chai. Chai yenyewe hunawiri juu zaidi, kuanzia Konoin na Bomet ya Kati hadi ng'ambo ya Kericho. Huku chini mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa ndio wanaobeba nyumba. Hata hivyo nyanda hizi mbili huishi kwa kutegemeana: wa chini hupanda kwenda kutafuta kibarua cha kuchuma majani, na wa juu hula mahindi ya chini. Uchovu wao pia unafanana, na dawa yake si ile inayoandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini.

Takwimu zinaunga mkono jambo hilo. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Taifa la Takwimu walifanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Waliokutwa hawatumii mwili kiasi kinachopendekezwa walikuwa asilimia 6.5 tu ya watu wazima. Kwa upande mwingine, asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Kwa maneno mengine, Mkenya wa kawaida hachoki kwa sababu mwili wake umelala. Anachoka kwa sababu mwili haupumzishwi, haulishwi inavyotakiwa wala haupimwi.

Tuanze na mgongo, maana ndiko uchovu wa milima ya chai unakoonekana kwa macho. Mchumaji husimama katikati ya michai inayomfika kiunoni, kikapu mgongoni, mikono miwili ikifanya kazi kwa zamu isiyokatika: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Anainama kidogo mbele, anageuza kiuno kurusha majani kikapuni nyuma ya bega, kisha anarudia. Kikapu kinaongezeka uzito kadiri jua linavyopanda. Analipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika ya kunyoosha mgongo ameilipia kutoka mfukoni mwake. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji msimamizi wa kumkemea mtu asipumzike, mizani inatosha.

Madhara yake yamefika hadi kortini, tena mbali. Mwaka 2022 mahakama kuu ya madai ya Uskoti, mjini Edinburgh, iliruhusu zaidi ya wachumaji elfu moja waliofanya kazi katika mashamba ya Kericho kufungua kesi ya pamoja dhidi ya James Finlay (Kenya), kampuni ambayo ofisi yake iliyosajiliwa ilikuwa Uskoti. Walidai kwamba miaka ya kubeba mizigo na kuinama kwenye michai iliwaharibu migongo, mabega na viungo. Kampuni ilipinga, na mvutano mkubwa ukawa iwapo madai hayo yasikilizwe Uskoti au yapitie sheria ya Kenya ya fidia kwa walioumia kazini. Vyovyote iwavyo, malalamiko yale yanamfundisha msomaji jambo moja la kitabibu: kinachoumiza si mzigo mmoja mzito tu, bali ni mwendo ule ule unaorudiwa maelfu ya mara bila kituo. Msuli unaotumiwa mfululizo huchoka, na msuli uliochoka huacha mifupa na maungio yabebe kazi isiyokuwa yao.

Kwa hiyo mapumziko mafupi ya mara kwa mara yana faida kuliko pumziko moja refu la mwisho wa siku. Dakika mbili au tatu kila saa, kikapu chini, mikono juu, kiuno kikirudishwa nyuma taratibu: huo ndio unyooshaji unaomfaa mchumaji. Kupeleka mizigo midogo mara tatu kwenye kituo cha kupimia majani kunalinda mgongo kuliko kupeleka mzigo mkubwa mara moja. Mkulima anayepalilia mahindi naye abadilishe mkono wa mbele kwenye jembe, na abadilishe kazi baada ya muda. Baada ya kuinama, afanye kazi ya kusimama. Hakuna kati ya haya linalohitaji pesa.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo baada ya miezi 12. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Tatizo ni kwamba mkulima mwenye ekari zake mbili hana sheria inayomlinda dhidi ya nafsi yake. Yeye ndiye bosi na yeye ndiye kibarua, na mara nyingi ni bosi mkali kuliko wote aliowahi kuwafanyia kazi.

Ajabu ni kwamba watu wa ukanda huu wana mfano bora wa kupumzika kuliko taifa lolote, ila hawautazami hivyo. Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki alikuwa Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, aliyepata shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964 na fedha Mexico mwaka 1968. Tangu hapo wanariadha wa Bonde la Ufa wamechunguzwa kwa kila darubini: miguu yao, mwinuko wa nchi yao, ugali wao. Kinachosahaulika ni usingizi wao. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka 2022, amekuwa akieleza kwamba hulala saa nane usiku na huongeza usingizi wa mchana. Katika kambi za Kaptagat na Iten, baada ya mbio za alfajiri, watu hunywa chai, hula, kisha hulala. Sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki hukimbiwa kwa mwendo wa kuweza kupiga soga.

Kijana wa kambi hizo akilala saa sita mchana kijijini kwao Chepalungu, jirani ataita watu waje waone uvivu. Kocha wake anahesabu usingizi ule kuwa sehemu ya mazoezi, na sayansi iko upande wa kocha: ni katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji inayorekebisha misuli, na ni katika usingizi ndipo ubongo hupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kukamua ili maziwa yawahi gari anatakiwa awe ameshalala saa tatu na nusu usiku. Ni wangapi wanaotimiza hesabu hiyo?

Wezi wa usingizi wanajulikana. Wa kwanza ni kusubiri: mkulima wa chai anayekaa kituo cha kupimia majani hadi gizani, akingoja lori la kiwanda lililokwama kwenye matope. Wa pili ni simu, inayomweka mtu macho akitazama mikeka ya kamari au video zisizoisha. Wa tatu ni pombe. Chang'aa humwangusha mtu haraka, lakini usingizi wake hukatikakatika, na mnywaji huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Wa nne anakaa kwenye birika.

Kuisema chai vibaya Kericho ni kutafuta ugomvi, na hapa haisemwi vibaya. Ni kinywaji kizuri kinacholisha mamilioni ya watu tangu mashamba makubwa yaanzishwe miaka ya 1920 na tangu mamlaka ya kuwahudumia wakulima wadogo, KTDA, iundwe mwaka 1964. Kosa liko kwenye wakati, joto na sukari.

Wakati kwanza. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa moja jioni bado kina nusu ya nguvu yake saa sita usiku, na wapo wanaokunywa vikombe viwili vitatu baada ya chakula cha jioni. Chai hiyo ina jambo lingine pia: viambato vyake vinavyoukausha ulimi huyashika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, na kuyazuia yasifyonzwe. Mama mjamzito au msichana aliyevunja ungo anayekula githeri kwa chai anaweza kuwa anakula chuma kingi na kubaki na upungufu wa damu. Dalili ya kwanza ya upungufu wa damu ni uchovu. Dawa ni kuiacha chai ikae mbali na mlo kwa saa moja hivi, na kuweka kwenye sahani kitu chenye vitamini C, kama nyanya mbichi, chungwa au pera. Managu na saga, mboga ambazo bibi za Wakipsigis walizipika kabla sukuma wiki haijatawala masoko, zina chuma kuliko kabichi, na wimbi unaosongwa kimnyet, yaani ugali, una chuma na kalisi kuliko unga mweupe wa kinu.

Kisha sukari. Kijiko kimoja cha chai hubeba kama gramu nne. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema mtu asizidi gramu 25 hivi kwa siku. Sukari humwamsha mtu kwa muda mfupi, kisha nguvu inapoporomoka mkono unarudi kwenye birika. Wengi hutoka nyumbani alfajiri na chai tupu yenye sukari, wakaingia shambani, wakala mlo wa kweli saa nane mchana. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana usiku, yai, au bilauri ya mursik (maziwa ya mgando) vingewabeba hadi adhuhuri bila kuyumba.

Joto nalo lina uzito wake hapa kuliko kwingine. Bomet iko katika ukanda wa Afrika Mashariki wenye saratani ya umio kwa wingi, na Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, imekuwa ikiwapokea wagonjwa wake kwa miongo mingi, baadhi wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Chai iliyomiminwa kutoka jikoni na kunywewa papo hapo huwa juu ya kiwango hicho. Ikae dakika tano.

Kuna uchovu ambao mapumziko na chakula havitauondoa, kwa kuwa ni ugonjwa uliojificha. Katika nchi ya ng'ombe, mmojawapo ni brusela, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kumsaidia ng'ombe anapozaa mikono ikiwa mitupu. Homa huja na kwenda, viungo vinauma, jasho linatoka usiku, na mgonjwa hununua dawa za malaria dukani mara mbili tatu bila nafuu. Malaria yenyewe si mgeni: mashamba ya chai ya Kericho yalipambana na mikurupuko yake tangu enzi za ukoloni, licha ya baridi ya milimani. Kisukari, presha, upungufu wa damu na sonona vyote huanza kwa neno moja, "nimechoka tu". Kanuni rahisi ni hii: uchovu uliozidi wiki mbili na usiotoka hata baada ya kulala vizuri unahitaji vipimo. Na maziwa ya nyumbani yachemshwe, kama wanavyofanya watengenezaji wa mursik wanaojua kazi yao kabla ya kuyamimina kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet.

Mwili ukishapewa haki yake, inabaki akili. Msongo wa mawazo wa mkulima una majira yake. Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshirikiana uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Longisa, Bomet hii hii, kisha ukaenea Chepalungu na kwingineko, na wapo waliovuna majani makavu matupu. Mkulima wa chai naye hulipwa kidogo kila mwezi na kusubiri bonasi ya mwisho wa mwaka wa mauzo, na kila mwaka hutazama tofauti kati ya bonasi ya viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa na ya kwao. Karo ya shule haisubiri bonasi. Basi hukopa, na siku hizi mkopo uko kiganjani: M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, Hustler Fund mwaka 2022, mbali na programu nyingine chungu nzima. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali na kuwapiga marufuku kuwaaibisha wadaiwa kwa kuwapigia jamaa zao simu. Deni, hata hivyo, linabaki deni, na hulala kitanda kimoja na mdaiwa.

Hapa ndipo mazoezi ya kupumua yanayopendwa na majarida yanapoishiwa nguvu. Kupumua taratibu hutuliza moyo kwa dakika chache, na ni vyema, lakini hakulipi karo. Kinachopunguza msongo wa deni ni kuliandika. Karatasi moja, majina ya wote wanaodai, kiasi na tarehe, kisha siku moja ya wiki iliyotengwa kwa mambo ya pesa, mchana, mume na mke wakiwa pamoja. Wasiwasi uliopewa siku yake hausumbui kila usiku kwa nguvu ile ile. Mkopo mpya wa kulipa mkopo wa zamani uwe ndio wa kwanza kukatwa.

Kuzungumza nako kuna ushahidi. Mwaka 2006, mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha nyanya 14 wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na nyanya hao walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Sigor haikosi vyama vya akina mama, vikundi vya kanisa wala wazee wenye busara. Kinachokosekana ni desturi ya wanaume kusema wamelemewa. Sheria angalau imeanza kulegea: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kunapingana na Katiba. Mtu aliyefika hapo anahitaji kliniki, si seli.

Limebaki jambo ambalo makala za afya huliruka kwa kuwa linaleta kelele nyumbani. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia muda wa mara tano hivi zaidi ya wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Mwanamke anayechuma majani hadi saa tisa na mumewe wakirudi pamoja, mmoja huketi na mwingine huwasha moto. Kumwambia mwanamke huyo alale mapema, ajinyooshe na apunguze mawazo bila kumgusa aliyeketi ni kumwongezea kazi nyingine ya kushindwa. Saa moja ya usingizi wake iko mikononi mwa mtu mwingine: mume anayeweza kukamua, mwana wa kiume anayeweza kuteka maji na kuosha vyombo. Mazoea ya afya katika nyumba ya mkulima huwa ya nyumba nzima. La sivyo hayadumu wiki.

Kwa hiyo msomaji asianze na mambo kumi. Achukue manne: kazi moja ya jioni ihamishwe kutoka kwa mama kwenda kwa mtu mwingine, chai itengwe na chakula cha jioni, taa izimwe saa tatu na nusu, na kila mtu mzima wa nyumba apimwe presha mwezi huu. Hili la mwisho halihitaji hata nauli. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na kifaa cha kupima sukari. Wa kijijini kwako ana wajibu wa kufika mlangoni. Ikiwa hajafika, mwulize mzee wa kijiji anapoishi, umwite.